Kutia Chumvi Kwenye CV: Ujanja au Dhambi?



Mpendwa kijana mwenzangu, nakuandikia kutoka Kilindoni, kisiwani Mafia, niliko kwa mwaka wangu wa kichungaji baada ya kumaliza shahada ya falsafa. Sisi Wakatoliki hapa si wengi, kwa hiyo Frateri anakuwa mtu wa kila kitu: mafundisho, kwaya, kupanga viti, na siku hizi kusoma CV za watu. Zikitangazwa nafasi kwenye Ajira Portal, au zikivuma tetesi tu kwamba hoteli fulani kule Utende inatafuta wafanyakazi, vijana wanakuja na simu mkononi: "Frateri, hebu niangalizie hii kabla sijatuma."

Naangalia. Na katika kuangalia huko kuna swali ambalo limenijia zaidi ya mara moja, mara nyingi kwa sauti ya chini: "Frateri, kila mtu anaongeza kidogo. Nisipoongeza, naachwa. Sasa hiyo nayo ni dhambi ya kwenda kuungama?"

Ni swali zuri, na halistahili jibu la kukurupuka. Anayeuliza si tapeli. Ni mtu aliyemaliza shule, mama yake anamtegemea, na kila siku anaiona boti ya Nyamisati ikiondoka na wenzake waliopata kazi bara. Basi leo tulitafakari pamoja, kwa akili na kwa imani.

CV ni kitu gani hasa?

Wengi tunaichukulia CV kama tangazo la biashara. Ukienda sokoni, muuza samaki atakwambia changu wake ametoka majini sasa hivi. Wewe unacheka, unamfunua mashavu, unaangalia mwenyewe. Hakuna aliyedanganyika, kwa sababu nyote wawili mnajua mchezo. Kama CV ingekuwa hivyo, kutia chumvi kusingekuwa na neno.

Lakini CV si tangazo. CV ni ushahidi. Anayeisoma hakujui, hajakuona, na hawezi kukufunua mashavu. Analo neno lako tu. Ndiyo maana matangazo ya kazi za Serikali hudai majina ya wadhamini watatu, na huonya kwamba anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Muuza samaki haitwi kuleta mashahidi. Wewe unaitwa, kwa sababu unatoa ushahidi, na shauri lenyewe ni wewe.

Ukilielewa hilo, unajua mara moja tuko kwenye Amri ya Nane. Mtakatifu Agustino aliandika kitabu kizima kuhusu uongo karibu mwaka 395. Kwa maoni yake mwongo ni mtu mwenye mioyo miwili: mmoja unajua jambo jinsi lilivyo, mwingine unatoa nje jambo jingine. Angalia, hakuanza na madhara wala na kukamatwa. Alianza na moyo uliopasuka. Kwa hiyo hata CV ya uongo ambayo haitagunduliwa kamwe imeshamgawanya mwenye nayo.

Tulichojifunza mwaka 2017

Wengi wenu mlikuwa bado shuleni, lakini mnakumbuka habari ya vyeti feki. Tarehe 28 Aprili 2017, kule Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Wengine vyeti vyao vilikutwa vinatumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Waliobainika wakaambiwa waondoke kazini.

Sitaki tuwasimange. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, na wapo waliozifanya vizuri. Mwaka 2022 Serikali iliamua kuwarudishia michango waliyokatwa kwenye mishahara yao kwa ajili ya mifuko ya hifadhi ya jamii, na mimi naona hapo kuna haki fulani iliyotambuliwa: jasho lilikuwa la kweli, ingawa karatasi ilikuwa ya uongo.

Lakini tafakari upande wa ndani wa maisha yale. Miaka kumi au ishirini, kila likija tangazo la uhakiki, moyo unaruka. Kila ukipandishwa cheo, badala ya furaha, hofu inaongezeka. Unajenga nyumba, unasomesha watoto, na msingi wa yote hayo ni kitu usichoweza kukisema kwa sauti hata mezani kwako. Wakristo tunasema kazi ni njia ya kumtukuza Mungu. Utamtukuzaje kwa kitu ambacho kila siku unamwomba Mungu kisijulikane?

Najua, utaniambia: "Frateri, cheti feki na kuongeza mwaka mmoja wa uzoefu si sawa." Ni kweli, si sawa kwa uzito. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2484, inafundisha kwamba ubaya wa uongo hupimwa kwa ukweli uliopotoshwa, kwa mazingira, kwa nia, na kwa madhara wanayopata wengine. Kuna uongo ulio dhambi ndogo, na kuna unaofikia kuwa dhambi ya mauti pale unapojeruhi vibaya haki na upendo. Lakini mzizi ni mmoja.

Kosa la kwanza: kujikweza

Kumbuka habari ya Yakobo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 27. Anataka baraka iliyokusudiwa kwa Esau. Mama yake anamvika nguo nzuri za kaka yake, anamfunga ngozi za mbuzi mikononi na shingoni, na kijana anaingia kwa baba yake kipofu na kusema yeye ndiye Esau. Ile, wapendwa, ni CV ya uongo ya zamani kabisa. Ina kila kitu, hata mdhamini: mama mzazi! Na mzee Isaka alishtuka kidogo, kwa sababu sauti haikufanana na mikono. Ndivyo inavyokuwa kwenye usaili. Karatasi inasema hivi, ukifungua mdomo sauti inasema vingine.

Baraka aliipata. Lakini usiishie hapo, soma mbele. Alilazimika kukimbia nyumbani, na kule ugenini Labani naye akamdanganya kwa namna ileile: akampa Lea mahali pa Raheli. Mungu hakumwacha Yakobo, lakini hakumkinga na matokeo ya uongo wake.

Sasa tuje hapa Mafia. Papa potwe wanaonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, na wageni hutoka mbali kuja kuogelea nao. Chukua kijana aliyesaidia kupakia mizigo kwenye mashua msimu mmoja. Akiandika "Muongoza watalii, uzoefu wa miaka mitatu, najua huduma ya kwanza," anaona ameongeza maneno tu. Lakini mwenye kampuni ataipangia kazi ile karatasi. Atamkabidhi watu wanane, wengine hawajawahi kuingia bahari kuu. Na anayekaa kisiwani hapa anajua upepo unavyoweza kuichafua bahari. Mgeni akinywa maji na kuzimia, hatasaidiwa na aya iliyoandikwa vizuri.

Na yupo mtu mwingine ambaye hatumwoni: kijana aliyeandika ukweli, aliyekuwa na msimu mmoja na akasema ni mmoja. Nafasi ilikuwa moja. Ulipoongeza miaka miwili, hukuitoa hewani, uliitoa kwake. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatofautisha uongo wa utani, uongo wa kuleta manufaa usiomdhuru mtu, na uongo unaomdhuru mwingine. Vijana wengi wanadhani uongo wa kwenye CV uko kwenye fungu la pili. Mimi nasema nafasi zikiwa chache na waombaji wengi, uko fungu la tatu, kwa sababu usaili ni mashindano, na anayeshinda kwa uongo amemshinda mtu.

"Lakini kila mtu anafanya hivyo"

Hoja hii ina nguvu, tusiidharau. Tena huja na pacha wake: "Hata waajiri ni waongo. Kazi ya mtu anayeanza, wanadai uzoefu wa miaka mitano. Wanataka tudanganye."

Kuhusu ya kwanza: kama kila mtu anatia chumvi, basi chumvi haimsaidii yeyote. Mwajiri ameshazoea, anapunguza nusu ya kila anachosoma. Anayeumia zaidi ni mkweli, maana naye anapunguziwa. Kwa hiyo uongo wa wengi si sababu ya kuongeza wa kwako. Ndiyo sababu ya kuusitisha mahali fulani, na mahali hapo panaweza kuwa pako.

Kuhusu ya pili, nakubaliana nawe nusu. Kudai miaka mitano kwa kazi ambayo mtu angejifunza kwa miezi mitatu si haki, na viongozi wanaotunga masharti haya wana la kujibu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Lakini hapo hapo tega sikio: ikiwa thamani ya kazi inatoka kwa mtu anayeifanya, basi ukimfuta mtu huyo kwenye karatasi na kumweka mwingine asiyekuwepo, umefuta kile kile kilichoipa kazi thamani. Udhalimu wa sharti unajibiwa kwa kuomba hata kama hujatimiza yote, kwa kueleza ulichonacho, kwa kuuliza, kwa kusema wazi. Haujibiwi kwa kujigeuza mtu mwingine.

Na njaa je? Kanisa halijawahi kumhukumu mwenye njaa sawa na mwenye tamaa. Shida hupunguza hatia ya mtu, na padre kwenye kitubio analijua hilo. Ila haiugeuzi uongo kuwa ukweli.

Kosa la pili: kujidunisha

Hapa ndipo nataka unisikilize zaidi, kwa sababu CV nyingi ninazoletewa hazina dhambi ya Yakobo. Zina ugonjwa wa upande wa pili.

Aristotle alifundisha kwamba mtu mkweli kuhusu nafsi yake anasimama katikati ya wawili: anayejisifu kwa asivyonavyo, na anayevikana alivyonavyo. Mtakatifu Thomas akalichukua wazo hilo kwenye Summa Theologiae, Sehemu ya Pili ya Pili. Swali la 112 linahusu majivuno, na la 113 linahusu kujidunisha kwa uongo. Umeona? Yote mawili yamewekwa upande wa pili wa ukweli. Thomas anakubali kwamba mtu anaweza kusema machache kuliko aliyonayo bila kukosa, maana ndani ya kikubwa kidogo kimo. Lakini kukana kitu ambacho unajua unacho, huo si unyenyekevu. Ni uongo uliovaa kanzu.

Binti mmoja aliniletea CV yenye mstari huu kwenye uzoefu: "Sina." Nikamuuliza anafanya nini tangu amalize kidato cha nne. Akaanza kunihesabia kama mtu anayeomba radhi: analima mwani na mama yake, yeye ndiye anayeandika daftari la kikundi, nani kaleta kilo ngapi, nani kalipwa, nani anadai, na Jumamosi anafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. "Lakini hiyo si kazi, Frateri, ni mambo ya nyumbani tu."

Nikamwambia: kutunza hesabu za wanawake wa kikundi, wote ni wakubwa kwako, ukawaamkia shikamoo asubuhi na jioni ukawaambia nani anadaiwa, na daftari likakubalika, hiyo si kazi? Kuwafundisha watoto bila kukosa wiki? Hatukuongeza neno hata moja lisilo la kweli. Tuliandika tu.

Nenda kwa Daudi, Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17. Sauli anamwona kijana tu asiye na uzoefu wa vita. Daudi hakusema "sina." Alisema: nachunga kondoo wa baba yangu, na alipokuja simba, na alipokuja dubu, niliwaua. Kuchunga! Kazi ya nyumbani, isiyo na cheti, isiyo na mshahara. Lakini aliieleza kwa ukweli na kwa ushahidi, na Sauli akamruhusu. Kisha Sauli akamvika silaha zake za kifalme, na Daudi akazivua kwa sababu hakuzizoea. Akachukua kombeo lake. Kijana yule alikwepa makosa yote mawili: hakukana alichokuwa nacho, wala hakuvaa kisichokuwa chake.

Kuchagua si kudanganya

Tuweke jambo moja sawa, maana wapo wenye dhamiri nyepesi mno. Ukweli haukudai useme kila kitu. Katekisimu, namba 2488 na 2489, inaeleza kwamba si kila mtu ana haki ya kujua kila jambo, na kwamba busara huongoza nini cha kusema na nini cha kunyamazia. Hulazimiki kuandika kwamba uliachana na mchumba, kwamba una ugonjwa usiohusiana na kazi, au kwamba kazi fulani ya wiki mbili haikukupendeza. Kuanza na lile unaloliweza zaidi ni halali. Kuandika vizuri ni halali, hata ni heshima kwa msomaji.

Kipimo changu ni hiki: je, ningekuwa radhi msomaji ajue kila kitu kinachohusu mstari huu? Kama jibu ni ndiyo, umechagua. Kama mstari unafanya kazi tu kwa sababu yeye hajui, umedanganya.

Makosa madogo yanayowaangusha wengi

Haya nayaona karibu kila wiki. Yanaonekana ya kiufundi, lakini kila moja linagusa ukweli au heshima kwa mwingine.

*Majina kupishana.* Cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, cha shule John, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo vingine havina. Si uongo, lakini msomaji hawezi kujua. Shughulikia mapema kwa hati ya kiapo, usingoje siku ya usaili.

*Kunakili CV ya mwingine.* Kuna mfano unazunguka kwenye steshenari zetu, na sasa wengine wanaandikiwa na akili mnemba. Matokeo yake vijana kumi wana tabia zilezile na ndoto ileile, kwa Kiingereza ambacho hawawezi kukieleza. Hizo ndizo silaha za Sauli. Pata msaada wa lugha, lakini usiache sentensi ambayo huwezi kuitetea kwa mdomo wako.

*Barua pepe ya mtu wa steshenari.* Umefunguliwa akaunti, nywila anaijua yeye. Ukiitwa kwenye usaili, anaitwa yeye. Fungua yako, na namba ya simu unayoweka iwe inayopatikana.

*Wadhamini wasioulizwa.* Unaandika jina la paroko bila kumwambia. Siku anapigiwa simu, anabaki kigugumizi: ama akuangushe, ama aseme asichokijua. Umemtia mtu mwingine majaribuni. Omba ruhusa, na mkumbushe ulichokifanya kweli.

*Tarehe zisizolingana na matokeo yaliyopambwa.* Baraza la Mitihani lina kumbukumbu zako. Daraja la nne lililoandikwa wazi ni bora kuliko la pili la uongo.

*Kutuma bila kusomwa na mtu mwingine.* Makosa ya tahajia si dhambi, ila jicho la pili huona pia pale ulipojidanganya.

CV ya Mtakatifu Paulo

Paulo aliandika wasifu wake zaidi ya mara moja. Katika Wafilipi sura ya 3 anataja kabila, Ufarisayo na bidii yake, vyote vya kweli, kisha anasema amevihesabu kuwa hasara kwa ajili ya Kristo. Katika Wakorintho wa Pili sura ya 11 anataja uzoefu: mara tano viboko thelathini na tisa, mara tatu kuvunjikiwa na merikebu, usiku na mchana kilindini. Nani angeweka kwenye CV kwamba vyombo vitatu vimemzamia? Tena anamalizia na jinsi alivyoteremshwa ukutani ndani ya kapu kule Damasko ili atoroke. Hajivuni wala hajidunishi. Anaweza kusema ukweli wote kwa sababu thamani yake haisubiri kuamuliwa na msomaji.

Hapo ndipo uhuru wetu ulipo, mpendwa. Tunatia chumvi kwa sababu tunaogopa kwamba tulivyo hatutoshi, na tunajidunisha kwa sababu hiyo hiyo. Lakini wewe ulibatizwa kabla ya kuwa na cheti chochote. Mungu alikuita kwa jina lako, si kwa sifa za mwombaji. Sikuahidi kwamba ukiandika ukweli utapata kazi. Wapo wakweli wanaoachwa, na inauma. Nakuahidi kwamba atakayeitwa, siku ukiitwa, atakuwa ni wewe.

Na kama tayari uko kazini kwa karatasi isiyo ya kweli, usikate tamaa, wala usifanye jambo peke yako kwa hofu. Nenda kwa padre, kwenye kitubio, mweleze yote. Katekisimu, namba 2487, inafundisha kuwa kosa dhidi ya ukweli linadai kulipiwa fidia. Namna ya kulipa inahitaji ushauri wa mtu mwenye busara.

Maswali ya kutafakari

1. Ni mstari gani kwenye CV yangu unaofanya kazi kwa sababu tu msomaji hajui?
2. Ni jambo gani la kweli nimelificha kwa kuliona "la nyumbani tu"?
3. Nikiombwa kuwa mdhamini wa rafiki, nitasema nini kumhusu?

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe uliyefanya kazi Nazareti miaka mingi bila kujulikana, wahurumie vijana wote wanaotafuta kazi. Utuondolee hofu inayotufanya tujikweze, na hofu inayotufanya tujifiche. Utupe moyo mmoja, usiogawanyika, na riziki ya halali. Uwafungulie milango wale walioandika ukweli na bado wanasubiri. Mtakatifu Yosefu, mfanyakazi, utuombee. Amina.

Ndimi ndugu yenu, Frateri, kutoka Mafia.